Ukisimamisha kwaya, wape sababu

Ukikabidhiwa kwaya ya wanafunzi kwa mara ya kwanza, neno litakalokutoka mdomoni kuliko yote ni "tena". Tena, kuanzia mwanzo. Tena, sauti ya pili peke yao. Naomba ulichunge sana neno hilo. Mwanafunzi anayeambiwa arudie bila kuelezwa sababu hurudia na kosa lake lilelile, na kila akirudia anazidi kulikariri. Kipande kilichokaririwa vibaya ni kigumu kukinyoosha kuliko kipande kipya kabisa.

Kwa hiyo kila unaposimamisha kwaya, taja jambo moja: ni sauti ipi, ni neno lipi, kifanyike nini. "Besi, mnaingia mapema baada ya kituo. Hesabuni mapigo mawili kamili ndipo muingie." Basi, waimbe papo hapo. Usiongeze la pili na la tatu, maana wataondoka na la mwisho tu. Wakipatia, sema wamepatia, kisha waimbe mara moja zaidi ili masikio yao yashike jinsi usahihi unavyosikika.

Huwezi kutoa sababu kama hukusikia, na huwezi kusikia ukiwa unaimba nao. Hapa ndipo walimu wapya wengi wanapojinyima. Wanaimba kwa nguvu mbele ya kwaya, kwaya inawaegemea, na siku mwalimu akinyamaza wimbo unayumba. Toa mfano, nyamaza, sikiliza. Kinanda nacho ni vivyo hivyo: kikipiga sauti zote nne muda wote, kinafunika makosa ambayo ulipaswa kuyasikia. Kitumie kufundishia, kisha kiondoe mapema kadiri unavyoweza.

Kabla ya kufika mbele yao, uwe umeimba kila sauti mwenyewe, tangu noti ya kwanza hadi ya mwisho. Weka alama panaporuka umbali mkubwa, panapoingia sauti moja baada ya kunyamaza, na mahali ambapo sauti ya pili inapita karibu sana na ya kwanza, kwa sababu hapo watavutwa. Maeneo hayo ndiyo mazoezi yenyewe. Kwingine kote wanafunzi wataimba bila shida, na huna haja ya kupoteza muda huko.

Niseme kwa kirefu kidogo kuhusu kwaya kushuka, yaani kumaliza chini ya sauti waliyoanzia, kwa kuwa ndiko walimu wengi hukata tamaa. Toa sauti kwa uma wa sauti, kile chuma chenye meno mawili kinachotoa noti moja ukikigonga, waimbe ubeti mzima bila kinanda, kisha gonga uma tena mwishoni. Uma wa kawaida hutoa noti ya A (la) yenye mitetemo 440 kwa sekunde, na haubembelezi mtu: utajua mara moja wamebaki palepale au wameteremka. Wakiwa wameteremka, usiwaambie "pandisheni". Watakaza koo, watapiga kelele, na bado watakuwa chini. Tafuta ni wapi hasa. Mara nyingi ni mahali melodia inaposhuka kwa ngazi. Chukua so-fa-mi. Kutoka fa kwenda mi ni nusu toni tu, hatua fupi kuliko zote, lakini mwimbaji mchanga huchukua hatua ndefu kana kwamba ni toni nzima, na mi inaangukia chini. Waimbishe noti hizo tatu polepole, kwa silabi moja kama "nu", huku ukiwaambia hatua ya mwisho ni fupi. Kisha rudisha maneno. Mahali pengine pa kuangalia ni noti inayorudiwa mara nyingi mfululizo: pumzi inapungua, na noti inalegea nayo. Hapo tiba ni kupanga wavute pumzi wapi, si kuimba kwa nguvu zaidi.

Ndiyo maana nawasihi walimu wapya wasidharau solfa, yaani kuimba noti kwa majina yake: do, re, mi, fa, so, la, ti. Sarah Glover aliiwekea msingi nchini Uingereza, John Curwen akaieneza katika karne ya 19 pamoja na ishara za mkono, na hadi leo sijaona njia ya haraka zaidi ya kumwezesha mwanafunzi ajisahihishe. Anayejua kwamba mi na fa zinabanana, na ti na do zinabanana, hahitaji kuambiwa kila mara. Unainua kiganja tu, anaelewa.

Kama kwaya inapiga kelele, iangalie ilivyosimama kabla ya kuikemea. Mwaka 1911 daktari Mfaransa Étienne Lombard alieleza kwamba mtu hupaza sauti bila kukusudia pale kelele zinapomzuia kujisikia. Wanafunzi waliobanana bega kwa bega ndivyo wanavyofanya. Waachanishe hatua moja, uone.

Wavulana ambao sauti zinavunjika wanahitaji uangalifu wa pekee. Zoloto, kisanduku cha sauti kilichomo kooni, inakua, sauti inateremka kwa takriban oktavu moja, yaani kutoka do hadi do ya chini yake, na katikati ya safari hiyo kijana anaweza kubaki na noti chache tu za kutegemewa. Usimtoe kwenye kwaya, na usimsukumie besi kwa sababu tu hafiki tena juu. Mwite faraghani, msikilize noti zipi zinatoka bila kukwaruza, umpangie mstari unaokaa humo, hata kama ni kuchanganya kidogo sauti ya tatu na ya nne. Rudia kumsikiliza baada ya wiki kadhaa, kwa maana itakuwa imebadilika. Wala usiruhusu wenzake wamcheke, hata mara moja. Kijana aliyechekwa katika kipindi hicho anaweza asiimbe tena.

Mpangilio wa kipindi hauna siri kubwa. Pasheni sauti kwa dakika tano hadi kumi, kwa zoezi linalohusiana na ugumu wa wimbo wa siku hiyo. Kazi ngumu ije mapema, masikio yakiwa hayajachoka. Wimbo mpya usiuanzishe dakika za mwisho. Malizeni kwa kuimba kitu kizima bila kusimamishwa.

Unapofundisha sauti moja, zile nyingine zipe kazi: zivumishe mstari wao kwa midomo iliyofumbwa, au zisikilize na ziseme besi wamekosea wapi. Nidhamu mbovu mazoezini, kwa jinsi ninavyoiona, hutokana zaidi na wanafunzi kukaa bila kazi kuliko ukorofi. Na wanafunzi wanaozoea kuulizwa "mmesikia nini?" huanza kusikia makosa ambayo hata wewe yamekupita.

Mkimaliza, kabla hujatoka chumbani, andika kwenye nakala yako mahali pasipokaa sawa na sababu unayoidhani. Mazoezi yajayo yaanzie hapo, si mwanzo wa wimbo.