Maana ya neno comely
Neno la Kiingereza comely, ambalo hutamkwa "kamli", ni kivumishi cha zamani kinachomsifu mtu, hasa mwanamke, kwa sura ya kupendeza, yaani uzuri wa utulivu na siha, si ule wa kushtua macho. Katika Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 lina pia maana nyingine, ambayo mimi naithamini zaidi: Paulo anapowauliza Wakorintho kama ni comely mwanamke kusali bila kufunika kichwa, anazungumzia jambo lifaalo na la heshima. Kitenzi chetu "kupendeza" hubeba maana zote mbili, kwani husemwa vilevile kwamba haipendezi kijana kumjibu mzee kwa ukali. Katika mazungumzo ya leo, tumia neno la kawaida zaidi.