Kwa unayeanza kazi kliniki ya pumu ya watoto

Mtoto akibanwa usiku, nyumba nzima huamka. Akikaa wiki mbili anapumua vizuri, dawa husahaulika juu ya kabati. Kazi yako kubwa iko ndani ya hizo wiki mbili.

Anza na tofauti ya inhela, yaani vile vikopo vya kuvuta dawa kwa mdomo. Salbutamol hufungua kifua ndani ya dakika chache. Beclomethasone hutuliza uvimbe kwenye njia za hewa, na hiyo hutaka kutumiwa kila siku, hata mtoto akiwa uwanjani anacheza. Asiyejua hilo huiacha akiona "haisaidii". Utaambiwa pia kwamba inhela ni dawa ya mwisho, ukiianza hutoki. Usimkatize mama. Muulize nani kamwambia. Mara nyingi ni bibi, na bibi ndiye anayelala na mtoto. Mwombe mama waje wote siku nyingine, umwamkie bibi, ukae naye, umsikilize kwanza.

Usiulize kama wanajua kuitumia, maana kila mtu hujibu ndiyo. Sema, "Hebu nionyeshe." Hapo ndipo utaona inhela haikutikiswa, au dawa yote imeishia kwenye ulimi. Kama hawana spesa, kile chombo kinachokaa kati ya inhela na mdomo ili dawa ifike kifuani, chupa ya maji ya nusu lita inatosha: toboa kitako kwa waya wa moto, tundu lilingane na mdomo wa inhela, kisha ziba pembeni kwa plasta. Ioshwe kwa maji ya sabuni, ikauke yenyewe bila kufutwa. Mpulizo mmoja, mtoto anavuta na kutoa pumzi mara tano au sita mdomo ukiwa umebana chupa, ndipo unafuata mwingine.

Sasa mvua. Vuli ya 2023 ilikuja na El Niño, na Aprili 2024 mafuriko yakarudi. Kwa familia za bonde la Msimbazi, Dar es Salaam, kifua huanza kusumbua hasa maji yakishapungua: godoro limelowa, ukuta umeota ukungu, jiko la mkaa limeingizwa ndani, madirisha yamefungwa, na dawa ya mbu ya kuchoma inafuka kitandani. Kumwambia mama ahame ni kumuumiza bure. Tafuteni pamoja kinachowezekana: jiko lirudi barazani mvua ikikatika, chandarua kichukue nafasi ya ule moshi, mtoto asilalie godoro bichi.

Utabiri wa msimu wa Mamlaka ya Hali ya Hewa ukitoka, kagua dawa za kila mtoto. Kopo la inhela la mipulizo 200, kwa mipulizo minne kwa siku, ni siku 50. Andika kwenye kadi tarehe litakapoisha. Kulielesha kwenye maji hakuonyeshi kilichobaki. Na lisikae karibu na jiko wala chini ya bati linalowaka jua.

Mwisho, dalili za hatari: mbavu zinabonyea, hawezi kumaliza sentensi wala kunyonya, midomo imebadilika rangi. Hapo ni salbutamol kwa kiasi alichoandikiwa na safari ya hospitali papo hapo. Waulize kabisa: saa nane usiku, maji yamefunga barabara, mtapita wapi? Jibu liandike kwenye kadi, pamoja na namba ya mwenye bajaji.