Kabla hujaiamini modeli yako, pakia mifuko ya saruji

Nawaandikia nyie mainjinia vijana mnaoanza kazi na programu za kupiga hesabu za majengo, maana mwaka wangu wa pili kazini nusura niharibu kabisa. Tulikuwa na sakafu ya juu ya stoo, bimu za chuma za mita 6, nikazichora kwenye kompyuta, hiyo ndo modeli, nikabana ncha zote mbili zisizunguke hata kidogo, programu ikaniambia bimu itapinda milimita 3 tu, nikafurahi nikaprinti. Mzee mmoja fundi wa kuchomelea akaniuliza, "Injinia, hizi bolti mbili mbili ndo zitashika hivyo?" Sikuwa na jibu. Tukapanga mifuko 40 ya saruji juu ya bimu moja, tani 2 hizo, mzigo uleule niliouweka kwenye modeli, tukapima katikati, milimita 11!

Programu haikukosea hesabu, nilikosea mimi kuielezea sapoti, yaani pale bimu inapoegemea na inavyoshikwa. Bimu iliyokaa tu juu ya ncha zake, mzigo ukiwa umetandazwa sawasawa, inapinda mara 5 ya iliyobanwa, yaani yangu ingeweza kufika 15. Hiyo ni kazi ya kalamu na karatasi, dakika kumi, na sikuifanya.

Na sapoti sio mtego pekee. Sleipner A kule Norway, jukwaa la zege la mafuta na gesi, lilizama Agosti 1991 likiwa linajaribiwa kwenye maji, kwasababu meshi ya modeli, yaani vile vipande vidogo programu inavyoigawa ili ipige hesabu, ilikuwa mbaya na nguvu za kukata ukuta zikaonekana pungufu kwa asilimia 47. Kwahiyo meshi igawe ndogo zaidi urudie, jibu likihama sana bado hujafika. Jumlisha pia nguvu za kwenye sapoti zote, lazima zilingane na mzigo ulioweka.

Ila hapa ndo wengi wanateleza: ukishapima ukapata 11, usilegeze sapoti kwenye modeli mpaka nayo iseme 11 afu ukatangaza imethibitishwa. Umeirekebisha tu. Mimi nililegeza, afu nikaandika kwenye daftari jibu la bimu nyingine yenye mifuko 25, KABLA ya kupakia, ndo tukaenda kupima. Modeli ilisema 7, tukapata 7 na nusu. Hapo ndo nikasaini michoro, na ule ukurasa wa daftari nikaufunga pamoja nayo.