Andikeni kwanza, mjadili baadaye

Umeuliza mfanye nini, maana kundi lenu la makazi ya pamoja (kila familia na nyumba yake, na sehemu za kutumia pamoja) limekwama: wengine wanataka gharama nafuu, wengine bustani, wengine jiko kubwa la kupikia na kulia pamoja, na kila kikao wanaongea wale wale.

Msianze na mjadala. Mpe kila mtu mbegu 10 na orodha ya mambo yote yaliyotajwa, aandike kimyakimya kila jambo analipa mbegu ngapi. Mbegu zikiwa chache mtu hulazimika kuchagua. Ukimuuliza tu kama jambo ni muhimu, atakubali kila kitu. Wanandoa nao wagawe kila mmoja peke yake, tafadhali.

Kisha bandikeni matokeo ukutani na muulizane sababu, bila kupiga kura. Jiko la pamoja limekuwa kiini cha makazi haya tangu yale ya mwanzo kabisa, Sættedammen, Denmark, mwaka 1972, kwa hiyo msishangae likizua ubishi. Anayelitaka huenda anaogopa upweke uzeeni. Anayelipinga huenda anahofia deni. Hofu hizo mbili zinaweza kutoshea katika mpango mmoja, mkishazisikia.

Fanyeni haya kabla ya kumlipa msanifu majengo. Na atakayegundua kuwa kundi halimfai, aondoke na akiba yake bila kununiwa.