Nimwandike baba kuwa marehemu ili nipate mkopo wa chuo?

*Shikamoo Shangazi. Nina miaka 20, naishi Rungwe, si mbali na Tukuyu, na mama na wadogo zangu wawili. Nimemaliza kidato cha sita na nimefaulu vizuri. Nataka kwenda Mkwawa, Iringa, kusomea ualimu wa hisabati na jiografia. Mama anauza ndizi Kiwira. Baba yuko hai, ila alituacha nikiwa darasa la tano, ana familia nyingine Kyela na hajawahi kutuletea hata daftari. Kijana wa steshenari anayetujazia fomu za mkopo anasema nikiandika baba yupo nitaambulia asilimia ndogo au nikose kabisa, yatima ndio wanaopewa. Kwa shilingi 80,000 atanitafutia cheti cha kifo cha baba. Wenzangu wawili wameshafanya. Mama hajui. Yeye amenikataza kumwomba baba hata senti, anasema bora akope kausha damu. Fomu inauliza pia habari za TASAF, ule mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini. Mama yumo, lakini pale nimeacha wazi, sitaki chuoni nijulikane natoka kaya maskini. Shangazi, kwangu mimi huyu baba alishakufa zamani. Je, nikiandika hivyo ni dhambi?*

*Binti wa Rungwe*

Marahaba mwanangu, na hongera kwa matokeo.

Barua yako nimeirudia mara tatu, na kila nikifika kwenye TASAF nakwama. Umepapita mbio pale kama mtu anayepita mbele ya duka analodaiwa. Nitaparudia, ila ngoja kwanza tumalizane na marehemu wako aliye hai.

Cheti cha kifo hakipandishwi tu kwenye mfumo wa Bodi ya Mikopo kama picha ya pasipoti. Kinatakiwa kihakikiwe kwanza na RITA, wakala wa serikali unaosajili vizazi na vifo. Kama kimechapwa nyuma ya steshenari, kitakwama hapo, na wewe na maombi yako mtakwama nacho. Kikipita, ni balaa zaidi, maana yake kuna mtu amemwingiza baba yako kwenye daftari la vifo naye yuko Kyela anakula wali na mbasa. Siku akifa kweli utakwenda kuomba cheti cha pili? Na siku ukiposwa, ng'ombe watapokewa na nani? Unakujua kwenu. Baba zako wakubwa na wadogo watakaa kwenye viti, na marehemu mwenyewe atatokea na fimbo yake, tena ndiye atakayesema sana kuliko wote.

Halafu kumbuka nani anasaini. Ile fomu ina kiapo, na unakwenda nayo mbele ya hakimu au wakili. Jina ni lako, sahihi ni yako, na taarifa za uongo kwenye maombi ya mkopo ni kosa la kisheria. Kijana wa steshenari hayumo popote kwenye karatasi hiyo. Ukibanwa mwaka wa pili, yeye atakuwa anawajazia wengine.

Umeuliza kama ni dhambi. Hilo mpelekee mchungaji. Mimi kwetu nililelewa kwamba kumzulia mtu kifo ni uchuro, hata akiwa amekukosea namna gani, na uzee huu siwezi kubadilika.

Sasa TASAF. Mwanangu, Bodi inapogawa fedha haitazami yatima peke yao. Inatazama pia wenye ulemavu, na inatazama watoto wa kaya zilizomo kwenye Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini. Hicho kisanduku ulichoacha wazi kimewekwa kwa ajili ya mtu kama wewe! Ulikuwa tayari kulipa 80,000 ununue sababu ya uongo, na ya kweli ipo ndani kwenu, kwenye mkoba wa mama, bure. Namba ya kaya anayo yeye. Kama karatasi zimeliwa na panya, mwone mtendaji wa kijiji au mratibu wa TASAF pale halmashauri. Sikuahidi kwamba utapata asilimia mia. Ila ukiificha namba hiyo, Bodi haiwezi kuotea hali yenu.

Hofu ya kujulikana iache. Mgawo wako utausoma wewe mwenyewe kwenye akaunti yako ya Bodi, haubandikwi ubaoni na sababu zake. Ukifika Mkwawa, siku bumu, yaani fedha ya kujikimu, likitoka, foleni ni moja kwa mtoto wa muuza ndizi na mtoto wa diwani. Shilingi 10,000 kwa siku ya chakula na malazi haina alama ya TASAF juu yake.

Kwa hiyo jaza ukweli. Baba yupo, jina lake hili. Mdhamini wako awe mama. Majina yako yafanane kwenye cheti cha kuzaliwa na vya shule, maana "Tumaini" na "Tumain" vimewasumbua watoto wengi kuliko umaskini. Kagua kila sahihi, kila muhuri na picha ya mdhamini kabla ya kupandisha fomu. Watu wanadhani wamenyimwa kumbe ukurasa mmoja haukusainiwa. Akaunti ifunguliwe kwa namba yako ya simu na barua pepe yako, na nywila uijue wewe. Nimeshapokea barua za wanafunzi ambao akaunti zao ziko kwa jina la mwenye kafe, na kafe imehama.

Jina likikosekana awamu ya kwanza, usianze kulia Kiwira nzima ikusikie. Awamu huwa zaidi ya moja, na baadaye hufunguliwa dirisha la rufaa. Ufadhili wa Samia, ulioanza mwaka wa masomo 2022/23, huenda kwa waliofanya vizuri zaidi kidato cha sita kwenye masomo ya sayansi. Kama jina lako halimo, usikae kuusubiri.

Na ujue unachokiomba ni deni. Ukishaajiriwa watakukata asilimia 15 ya mshahara wa msingi kila mwezi. Mshahara ukiwa 700,000, hapo ni 105,000 imeondoka kabla hujaigusa. Zamani ilikuwa asilimia 8, ikapanda mwaka 2016. Ile asilimia 6 ya kulinda thamani, iliyokuwa ikifanya deni livimbe usiku umelala, iliondolewa mwaka 2021, hivyo ninyi mna nafuu ambayo kaka zenu hawakuipata. Deni hili linavumilika kwa sababu linasubiri umalize masomo.

Kausha damu haisubiri. Marejesho ni ya wiki, mengine ya kila siku, na ndizi hazijui tarehe ya marejesho. Mvua ikikata barabara siku mbili, wanakuja kubeba kochi. Mwambie mama nimesema hapana, na kama ana hasira na mimi aniandikie.

Limebaki la baba, na hapa nitakwenda taratibu kwa sababu naona nyumba yenu ina vidonda viwili tofauti. Chako ni cha mtoto aliyesahauliwa. Cha mama ni cha mwanamke aliyewalea peke yake na hataki yule mtu aje kusema "mwanangu nimemsomesha mimi." Nawaelewa wote. Usiende Kyela kwa kujificha. Kaa na mama jioni, mweleze kwanza habari ya cheti, yote, hata kama atakuchapa kwa maneno. Akisikia ulikaribia kufanya nini, huenda akalegeza lile katazo lake.

Akikubali, usimfuate baba peke yako. Tafuta shangazi yako wa upande wa baba, au baba mkubwa, akutangulie. Wala usimwombe ada. Mtu aliyepotea miaka yote hiyo ukimtajia ada atapotea tena. Mwombe kitu kinachobebeka, kwa mfano godoro, au nauli ya kutoka Tukuyu hadi Iringa, au blanketi, ingawa baridi ya Iringa haitamshtua mtu wa Tukuyu. Vitu hivyo vinahitajika kabla bumu halijaingia, maana mwanafunzi mpya hasaini fedha mpaka awe amesajiliwa, na wiki za mwanzo ndizo zinazowaumiza. Nilimtuma binti mmoja kwa baba wa namna hiyo, akarudi na debe mbili za mchele bila shilingi hata moja. Alinuna, lakini mchele aliula hadi karibu na mitihani.

Akikataa, umeomba, basi. Rudi nyumbani, hutakuwa umepoteza chochote zaidi ya nauli ya Kosta.

Ile 80,000 ya kijana wa steshenari usimpe. Toa humo 30,000 ya ada ya maombi, uilipe mwenyewe kwa kumbukumbu namba, kwa simu. Inabaki 50,000. Bima ya afya ya mwanafunzi imekuwa 50,400 kwa mwaka. Hiyo 400 muombe mama, atakupa.