Maswali ya Wasomaji: Saa nane usiku, leteni ndugu watatu watoe damu

Mwezi huu meseji zenu nyingi zimekuja na jambo moja, damu. Nimechagua hizi chache, nyingine zinafanana kwahiyo usiponiona nimekutaja soma majibu ya wenzako lako lipo humo humo.

Habari za kazi dada. Mdogo wangu alijifungua vizuri tu kwenye hospitali moja huku kwetu kusini, mtoto mzima, ila yeye damu ikawa haikatiki. Saa nane usiku tunaambiwa leteni ndugu watatu wachangie. Tukaenda wanne, mmoja akaambiwa damu yake ndogo, mwingine presha, wa tatu kuona sindano akaondoka, akabaki mmoja. Mdogo wangu alipona kwa kudra za Mungu. Hivi hospitali si ndio inatakiwa iwe na damu yake, mpaka tuamshane usiku? (Mama wa watatu, Chikongola, Mtwara)

Pole sana mama, na hongera kwa mtoto. Hasira yako naielewa na una haki nayo kabisa, mgonjwa anayevuja damu hatakiwi kusubiri ndugu watoke kitandani. Mwanamke akianza kutokwa damu nyingi baada ya kujifungua anaweza kupotea ndani ya saa mbili. Sasa hata ndugu akitoa saa ile ile, damu yake haitoki mkononi kwake ikaingia moja kwa moja kwa mgonjwa, lazima ipimwe kwanza virusi vya Ukimwi, homa ya ini B na C, na kaswende, ipimwe grupu, alafu ikutanishwe na ya mgonjwa waone kama zinakubaliana. Hivyo vipimo vina muda wake. Kwahiyo damu iliyomuokoa mdogo wako usiku ule kuna uwezekano mkubwa sio ya ndugu yenu, ni ya mtu msiyemjua kabisa aliyeenda kuchangia wiki kadhaa nyuma wakati hamna anayeumwa kwao, na ya ndugu yenu imeingia benki ya damu kumsubiri mwingine.

Ndio maana nasema kila siku, damu inatakiwa iwe kwenye friji kabla mgonjwa hajafika. Haitengenezwi kiwandani, haiagizwi Dar kama dawa ukasema itashuka na basi la jioni, inatoka kwa mtu tu. Na huu mtindo wa kukusanya ndugu una ubaya mwingine ambao watu hawausemi: mtu aliyeitwa usiku, shemeji analia pale nje, anaulizwa na nesi umewahi kuumwa manjano, una wapenzi wangapi, unadhani atasema ukweli wote? Atajibu hapana hapana ili amalize. Aliyekuja mwenyewe kwa hiari mchana wake hana sababu ya kuficha, ndio maana damu ya hiari inaaminika zaidi.

Shirika la Afya Duniani linasema nchi ikusanye angalau uniti 10, yaani mifuko 10 ya damu, kwa kila watu 1,000. Mkoa wa Mtwara peke yake sensa ya 2022 ilikuta watu zaidi ya milioni 1.6, piga hesabu, ni zaidi ya uniti 16,000 kwa mwaka. Na haziwezi kukusanywa zote tarehe 14 Juni siku ya wachangia damu tukapiga picha tukarudi nyumbani, sababu chembe nyekundu kwenye friji hukaa kama siku 35, zikizidi sana 42, na chembe sahani zile za kugandisha damu ni siku 5 tu. Inatakiwa itoke kidogo kidogo mwaka mzima.

Kwetu huku kuna jambo linaniuma. Wachangiaji wengi ni wanafunzi wa sekondari, na Desemba shule zimefungwa. Desemba hiyo hiyo hela ya korosho imeingia, pikipiki mpya zipo barabarani na ajali zipo, mvua zimeanza, na malaria ya Mtwara na Lindi mnaijua, watoto wanaletwa wameishiwa damu, weupe mdomo mpaka viganja. Yani uhitaji unapanda wakati watoaji hawapo. Mimi naomba viongozi wa vyama vikuu vya ushirika vya korosho wanisikie, ninyi wa TANECU, MAMCU, RUNALI na Lindi Mwambao: siku wakulima wamejaa kwenye mnada kwanini timu ya damu salama isiitwe ikaweka vitanda pembeni ya ghala? Watu wazima wenye afya zao mia mbili wamekaa wanasubiri bei, nusu saa tu inawatosha.

Dada mambo. Mimi bodaboda wa Masasi. Washkaji kijiweni wanasema ukishatoa damu mara moja mwili unazoea, usipotoa tena inakujaa unaanza kuumwa kichwa. Wengine wanasema inapunguza nguvu za kiume. Alafu tukitoa bure si wanaenda kuiuza?

Poa kaka. Hayo mawili ya kwanza sio kweli, waambie hivyo hivyo. Mtu mzima ana damu kama lita 5, wanachukua mililita 450 hivi, chini ya chupa ya maji ile ya nusu lita. Maji yake mwili unayarudisha ndani ya siku moja au mbili, chembe nyekundu wiki kadhaa, ikishafika kiwango chake mwili unaacha, haujai ukafurika. Ndio maana mwanaume anaruhusiwa kila baada ya miezi 3 na mwanamke miezi 4. Usipoenda tena hautaumwa kitu. Na nguvu za kiume haziguswi hata kidogo. Ila siku hiyo usibebe mizigo mizito, na pikipiki usiiwashe hapo hapo, kaa kwanza, kunywa soda yako, maji mengi, kizunguzungu kikija ukiwa barabarani ni hatari.

Kuhusu kuuzwa, damu haiuzwi. Mtu akikuomba hela ili mgonjwa wako apewe damu huo ni wizi, usimalizane nae korido, nenda kwa mganga mfawidhi au TAKUKURU ukiwa na jina lake. Nasema hivi kwa uchungu sababu mmoja akiuza uniti moja vijana hamsini wa kijiwe kama chenu wanaacha kuchangia.

Nilienda kuchangia tulipotangaziwa chuoni, nikatobolewa kidole wakadondosha damu kwenye maji ya bluu, wakaniambia wewe hapana. Nimeogopa mpaka leo, nina ugonjwa gani? (Binti wa Lindi mjini)

Tulia mdogo wangu. Yale maji ya bluu yanapima wingi wa damu tu. Tone likizama chini haraka damu inatosha, likielea au likishuka kwa kusuasua ni pungufu. Kwa mchangiaji wanataka gramu 12.5 kwa desilita kwenda juu. Ya kwako huenda ilikuwa chini kidogo, na kwa wasichana ni kawaida sababu ya hedhi. Ila usiache hivi hivi, nenda kituo cha afya wapime vizuri, wakupe vidonge vya madini ya chuma kama unahitaji. Na chakula unacho hapo hapo Lindi, dagaa, samaki, kunde, mbaazi, kisamvu, ukila kula na chungwa au embe, chai usinywe pamoja na chakula inazuia chuma kuingia mwilini. Baada ya miezi kadhaa jaribu tena, kama una miaka 18 na kilo 50 wanakuhitaji sana.

Asalaam aleikum. Mfungo wa Ramadhani tunaweza kutoa damu? (Ustadh, Newala)

Wa aleikum salaam ustadh. Hukumu ya saumu nawaachia ninyi wenye elimu yake. Upande wa afya mchangiaji anatakiwa awe amekula na kunywa, kwahiyo iwe usiku baada ya futari, au wiki ile ya kabla ya mfungo. Hilo la pili ukilitangaza msikitini Ijumaa utakuwa umetusaidia mno, maana mwezi ule friji zinapungua kweli.

Mimi nataka kujua afya yangu, si nikachangie tu ili nipimwe bure Ukimwi?

Hapana tafadhali. Maambukizi mapya kabisa yanaweza yasionekane kwenye kipimo wiki za mwanzo, ukitoa wakati huo unaweza kumpa mgonjwa. Kupima ni bure vituo vyote vya serikali, nenda kapime huko. Majibu ya mchangiaji kweli unapewa kwa siri na ushauri, ila isiwe ndio sababu ya kwenda. Na kama umechanjwa chale au kuchorwa tatoo karibuni useme ukweli, watakuambia usubiri.

Mwanangu ana selimundu (sikoseli), anaongezewa damu mara kwa mara. Sisi grupu zetu haziendani na yake, tunasaidiaje? (Baba, Nachingwea)

Pole baba. Nchi yetu inakadiriwa kuzaa watoto kama 11,000 wa selimundu kila mwaka kwahiyo hauko peke yako. Grupu lako lisikuzuie, wewe toa la kwako liingie benki, atapewa mwingine, na wa kwako atapewa la mwenzako. Shangazi, wajomba, majirani, wote waende hivyo hivyo, tena msisubiri aumwe, muende wakati yuko vizuri anacheza.

Tupo vijana kumi wa Mnazi Mmoja ya huku Lindi, tunataka kuchangia damu, tuanzie wapi?

Safi sana. Hospitali ya mkoa ya Sokoine pale Lindi wanapokea, Mtwara kuna Ligula na kituo cha kanda cha damu salama, na hospitali za Ndanda na Nyangao nazo mnaweza kuulizia. Kuleni kabla ya kwenda. Waambieni mapema mpo kumi, wakitaka muende wote siku moja sawa, wakisema watano sasa na watano mwezi ujao wakubalieni, ndio friji halikai tupu.