Kabla hujalipia safari ya kayaki, jifunze kupinduka

Kijana mmoja wa Tabata ameniandikia wiki hii: "Dada, nimeona picha zako za Sagana. Likizo nimeshapata, nauli ninayo, mwezi ujao nakwenda Jinja kupiga kayaki. Kuogelea najua kiasi. Nipe mbinu." Tangu niweke zile picha za mtoni huko Sagana, Kenya, ujumbe wa namna hii unanifikia kila mara, na karibu wote wanaoandika wana haraka ileile. Nawaelewa. Mtu ukishaona maji yanavyochemka kati ya miamba, na chombo chembamba chenye mtu mmoja kinapenya humohumo, usingizi unakatika. Lakini jibu langu kwa mdogo wangu wa Tabata ni fupi: safari ya Jinja, Uganda, usiilipie kwanza. Jifunze kupinduka hapahapa Dar.

Wengine wakisikia hivyo wanadhani nawakatisha tamaa. Hawajui chombo chenyewe kilivyo. Kayaki ya mtoni ni tofauti na zile za plastiki za kukalia juu wanazokodisha ufukweni. Hii unaingia ndani, unanyoosha miguu mbele, mapaja yanabana kuta, halafu kiunoni unavaa sketi ya mpira ambayo ukingo wake unaziba mdomo wote wa chombo ili maji yasiingie. Kikipinduka, kichwa kinakuwa chini na miguu juu, na chombo bado umekivaa. Una njia mbili tu. Ama uvute utepe wa sketi, usukume nyonga, utoke. Ama ujigeuze pamoja na chombo chako mpaka uwe juu tena. Yote mawili yanafanyika ukiwa hupumui, maji yameingia puani, na huoni kitu. Ndiyo maana nasema mwili lazima uwe umeshazoea kabla hujafika kwenye mawe.

Mimi nimekulia Temeke. Bahari niliijua kwa kupanda pantoni kwenda Kigamboni na kwa mihogo ya Coco siku za sikukuu, basi. Nyumbani kwetu watoto wa kike hatukuruhusiwa kuingia majini kupita magoti. Kuogelea nimefundishwa ukubwani, nimeshaajiriwa, kwenye bwawa la hoteli moja huku Masaki, asubuhi kabla wageni hawajaamka. Nilipomaliza kuogelea nikataka kayaki. Hapo ndipo nilipokutana na jambo ambalo bado linaniuma.

Kuna wakala wa safari mjini, jina lake nalihifadhi. Nilimwendea na fedha mkononi, nikamwomba anitafutie mwalimu wa kayaki Kenya au Uganda. Akanitazama kuanzia ushungi mpaka viatu, kisha akawaambia wenzake, mimi nimesimama palepale, kwamba mabinti wa uswahilini hawayawezi hayo, niandikwe kwenye boti la mpira pamoja na watalii, nikapige picha nirudi. Wakacheka wote. Nilitoka bila kusema neno. Hata leo nikipita mtaa ule kifua kinabana. Na ninaandika haya ili binti mwingine akiambiwa maneno yale ajue kwamba yupo mwenzake aliyeambiwa hivyohivyo, na mtoni akafika.

Mwalimu nilimpata kwa kuulizauliza. Alikuwa na kayaki fupi ya kuazima, na bwawa lilikuwa lilelile. Siku za mwanzo hakunipa hata kasia. Alinishikisha ukingo wa bwawa, akanilaza ubavu pamoja na chombo, akaniambia nikirudishe chombo kwa nyonga, siyo kwa mikono. Kichwa kitoke majini mwisho kabisa. Kila mtu akiwa chini anataka kuinua kichwa kwanza, kwa sababu ndicho kinachotaka hewa, na kila anayekitanguliza anarudi chini. Nyonga kwanza, kiwiliwili kifuate, kichwa mwisho. Ukitoka hapa na jambo moja tu, liwe hilo.

Bwawa likizoeleka, tulihamia baharini, upande wa Kunduchi, maji yakiwa yamejaa. Hapa watu wa Pwani tuna bahati tusiyoitumia. Mkondo tunao mlangoni. Nenda wakati wa bamvua, bahari inapojaa na kupwa sana, maji yakianza kupwa kwenye mlango wa mikoko, utaona yanavyokimbia. Pale nilijifunza kuinamia upande sahihi. Ukiingia kwenye mkondo kutoka maji tulivu, laza chombo uelekee maji yanakokwenda, ili mkondo upite chini ya tumbo lake. Ukilaza upande yanakotoka, unapinduliwa kabla hujapepesa jicho. Mtoni ni vivyo hivyo, ila kule yapo mawe.

Miezi iliyofuata haina la kusimulia. Na basi la Nairobi kupitia Namanga mnalijua.

Sagana ni mji mdogo wa Kirinyaga, kama kilomita 100 kaskazini mwa Nairobi. Maji ya mto wake yanatoka Mlima Kenya, mlima wenye mita 5,199, na huko chini ndiyo yanayokuwa Mto Tana. Kwa mtu aliyezoea maji ya Dar, baridi yake inakata pumzi. Kingo ni za kijani kibichi, mashamba yanashuka mpaka karibu na maji, na katikati miamba myeusi imesimama. Pazuri kweli. Mwongozaji wetu, kijana mpole mwenye mabega mapana, hakuniuliza natoka wapi wala nina nguvu kiasi gani. Aliniuliza, "Dada, ukipinduka unarudi?" Nikamwambia narudi. Akasema, "Nionyeshe." Nikapinduka mbele yake kwenye maji tulivu, nikarudi. Akatikisa kichwa kukubali, tukaanza.

Tulianza na vipande vya mto vya daraja la 2. Mito hii hupimwa kwa madaraja 6: la 1 ni maji yanayotembea na viwimbi vidogo, la 3 ni mawimbi yasiyo na mpangilio yanayokudai ugeuze chombo upesi kati ya mawe, la 5 ni la waliobobea, na la 6 karibu halipitiki. Lakini namba ni ya kiwango fulani cha maji. Mvua ikinyesha mlimani usiku, kipande kilichokuwa cha 3 jana kinaweza kuamka kingine kabisa, hata kama pale ulipo jua linawaka. Kwa hiyo kila palipokuwa na kishindo na mbele mto umekatika usione unakoendelea, tulitoka, tukapanda mwambani, tukasoma maji kwa miguu. Mwongozaji alitangulia, akasimama kwenye maji tulivu nyuma ya jiwe kubwa, akainua kasia wima juu ya kichwa. Maana yake njoo, njia ni salama. Akililaza mlalo, simama. Filimbi mara tatu, mtu yuko hatarini. Alama hizi zikaririni mapema, maana mtoni sauti ya binadamu haisikiki.

Kwenye mteremko mmoja mrefu, wimbi la pembeni lilinipiga likanilaza. Nikawa chini. Mgongo uligusa jiwe, helmeti ikagonga. Nikainama mbele, uso karibu na chombo, kama nilivyofundishwa, kwa sababu ukinyooka nyuma uso wako ndio unaokutana na mawe. Nikapeleka kasia juu, nikatafuta uso wa maji, nyonga kwanza. Nikatoka. Mwanga ukanirudia, kelele zikanirudia, na mteremko ulikuwa bado haujaisha, nikapiga kasia mpaka mwisho. Kule chini mwongozaji alikuwa anapiga makofi juu ya kichwa. Nililia ndani ya helmeti na sioni haya kusema. Yale machozi yalikuwa na jibu la ile ofisi ya mjini.

Sasa turudi kwenu wenye haraka. Wengi mnaitaja Jinja kwa sababu ndiyo yenye jina. Nile ya Jinja ni mto wa aina nyingine. Maji yake yanatoka Ziwa Victoria, ni vuguvugu, na ni mengi mno. Mawimbi yake ni makubwa, lakini baada ya mteremko mara nyingi kuna maji mapana yaliyotulia ya kukuokotea. Mto wa mlimani una maji machache, baridi, mawe karibu, na hauna pa kupumzika. Kila mmoja una adabu yake. Mjue pia kwamba Jinja ya simulizi za zamani imepungua: bwawa la umeme la Bujagali lilizinduliwa mwaka 2012 na la Isimba mwaka 2019, na miteremko mingi iliyokuwa maarufu iko chini ya maji. Sipingi umeme, hata sisi tumejenga letu Rufiji. Nasema tu kwamba mito ya namna hii haitusubiri milele. Na ukienda, baada ya wiki kadhaa muone daktari kuhusu kichocho, hata kama hujisikii vibaya.

Wapo wanaoniuliza kwa nini tusishuke Ruvu, mto ambao maji yake tunakunywa Dar na ambao chimbuko lake ni safu ya Uluguru. Jibu ni mamba na viboko. Huko juu milimani sijapata mtu wa kunionyesha njia salama, na huko chini siendi. Msijaribu mto ambao wenyeji wake wanawakataza.

Na nisikieni kwa jambo hili moja, maana nimelisema mpaka nimechoka. Ukitoka kwenye chombo ukawa unaelea, usisimame! Lala chali, miguu mbele, vidole juu, acha jaketi okozi likubebe mpaka maji yatulie, halafu ogelea ukingoni. Mguu ukinasa kati ya mawe, maji ya mapajani tu yanatosha kukuangusha na kukushikilia chini. Sisi wa Dar tunaijua nguvu hiyo, tumeiona bonde la Jangwani kila masika, na waliokuwepo kwenye mafuriko ya Desemba 2011 hawahitaji kuelezwa. Mwendo wa maji ukiongezeka mara mbili, nguvu yake inakuwa mara nne. Ukiona mti umeangukia mtoni, ukae mbali nao: maji yanapita kwenye matawi, mtu hapiti.

Wazazi, wapelekeni watoto wakajifunze kuogelea, na wa kike muwapeleke wa kwanza. Tunaishi kando ya bahari na nusu ya marafiki zangu hawawezi kuelea. Tunalipa fedha za sherehe ya siku moja, ila fedha za mwalimu wa kuogelea tunaziona anasa. Hili linanikera kutoka moyoni. Vijana, acheni kukimbilia picha. Picha nitakupigia mimi, wewe jifunze kupinduka.

Ukishaweza kurudi juu bwawani kwa upande wa kulia na wa kushoto, ndipo upige simu kwa waongozaji. Uliza maji yapo kiwango gani wiki hiyo, na kama wana kipande cha daraja la 2 cha kuanzia. Uliza ni waongozaji wangapi kwa wageni wangapi, na kama kila mmoja wao hubeba kamba ya kumrushia aliyetoka kwenye chombo. Uliza helmeti zina saizi ya kichwa chako, na kama unavaa ushungi, waambie mapema uvae ule mwembamba wa kubana chini yake. Halafu waulize watakufanyia nini ukikataa kushuka mteremko mmojawapo. Anayejibu kwamba utatembea ukingoni na chombo chako atakibeba yeye, huyo mlipe. Anayekwambia usiwe mwoga, kata simu.